Gogo Lisilo Gogo: Johannesburg na Toleo Lijalo la Ngoma za Kompyuta

Ngoma mbili za kompyuta zina damu ya Ubelgiji. Ya kwanza ilirekodiwa katika studio za Galaxy mjini Mol chini ya George Massenburg, mhandisi wa sauti wa Marekani mwenye jina kubwa. Kampuni ya Toontrack ya Uswidi ikaiingiza sokoni mwaka 2017 kwa jina la Superior Drummer 3, ikiwa na sauti zinazojaza takriban gigabaiti 230. Ya pili haikurekodiwa popote. Ni hesabu tupu ndani ya sintesaiza ndogo iitwayo Fruity DX10, inayokuja na FL Studio, programu ya kampuni ya Image-Line ya hukohuko Ubelgiji. Katika orodha ya sauti zilizopangwa tayari humo, ipo moja iliyoandikwa Log Drum, yaani ngoma ya gogo. Hiyo ya pili ndiyo inayotikisa vioo vya magari kuanzia Soweto ya Johannesburg hadi Sinza ya Dar es Salaam.

Uchambuzi huu unaanzia kwenye tofauti hiyo. Kila programu ya ngoma inapokaribia kupata toleo jipya, watumiaji huorodhesha wanayoyataka: sauti zaidi, studio maarufu zaidi, maikrofoni zaidi. Wanaosikika sana katika orodha hizo ni wenye intaneti isiyokatika na kompyuta yenye nafasi. Johannesburg iliibadilisha ngoma ya muziki wa dansi wa Afrika nzima kwa njia nyingine. Ilichukua sauti moja iliyokuwa imelala ndani ya programu, ikaipinda mpaka ikawa kitu ambacho walioitengeneza hawakukiwaza. Kwa hiyo swali la toleo lijalo liulizwe upya. Badala ya kuuliza tuongezewe sauti ngapi, tuulize tunaruhusiwa kuzipinda kiasi gani, kwa gharama gani, na nani analipwa zinapouzwa.

Tulikotoka

Mwaka 1980 Mmarekani Roger Linn alitoa LM-1, mashine ya kwanza ya ngoma iliyotumia milio ya ngoma halisi iliyorekodiwa kidijitali. Bei yake ilikaribia dola 5,000, na zilitengenezwa takriban 500 tu. Mwaka huohuo Roland ya Japani ikatoa TR-808, iliyozalisha milio yake kwa saketi za umeme. Kiki yake haikufanana na kiki ya mpiga drams yeyote, na wengi waliidharau. Zilitengenezwa takriban 12,000, na ilipofika 1983 Roland ikaacha kuziunda. Mashine hizo zikaangukia maduka ya mitumba, vijana wa hip hop na tekno wakaziokota kwa bei ya kutupa, na mlio uliodharauliwa ukawa uti wa mgongo wa muziki wa mijini kwa miaka arobaini iliyofuata.

Ngoma zilihamia ndani ya kompyuta katika miaka ya tisini. Steinberg ya Ujerumani ilileta mfumo wa VST mwaka 1996, na mwaka 1999 mfumo huo ukaruhusu vyombo vya muziki kuishi ndani ya programu nyingine. Katikati ya tarehe hizo, Desemba 1997, Didier Dambrin alitoa FruityLoops. Ilikuwa programu ndogo ya kupanga midundo kwa safu za vitufe 16, kila kitufe kikiwa hatua moja ya pigo. FL Studio ya leo imezaliwa humo. Wengi waliiona kama mchezo wa watoto. Kwa waliokulia mbali na studio za kulipia, mchezo huo ulikuwa shule.

Upande wa ngoma zilizorekodiwa, Toontrack ilitoa EZdrummer mwaka 2006, toleo la pili likaja 2014 na la tatu 2022. Battery 4, programu ya ngoma ya kampuni ya Native Instruments, ilitoka 2013, na zaidi ya miaka kumi ikapita bila toleo la tano. Ndiyo maana orodha za maombi huwa ndefu. Ombi lako likikosa nafasi katika toleo hili, lijalo laweza kukukuta una mtoto wa darasa la pili.

Maombi ya kila mahali

Maombi ya watumiaji wa programu hizi duniani yanaweza kupangwa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la wingi: seti nyingi zaidi za drams, sneya za kila aina, matoazi ya kila kampuni, na midundo mingi iliyopigwa tayari. Ombi hili kampuni hulipenda, kwa sababu kila seti mpya ni bidhaa mpya ya kuuzwa. Kwa mtumiaji lina faida ndogo kuliko linavyoonekana. Mwenye sneya mia mbili hutumia tano, na muda wake unaishia kwenye kutafuta.

Fungu la pili ni la uhai. Mpiga drams halisi hagongi sneya mara mbili kwa namna ileile. Mkono huchelewa kidogo hapa, hukandamiza zaidi pale. Kompyuta isipofundishwa, hurudia mlio uleule kwa nguvu ileile, na sikio hugundua mara moja. Ndiyo sababu watumiaji huomba rekodi nyingi za kila pigo zinazopishana, hai-hati inayofunguka kwa ngazi badala ya kuruka kutoka wazi hadi kufungwa, na midundo inayoyumba kama mtu. Humu kampuni zimepiga hatua. Superior Drummer 3 ilikuja na kifaa kinachosikiliza rekodi ya drams na kuigeuza kuwa noti, na EZdrummer 3 inaweza kupokea kipande cha gitaa au besi ikapendekeza mdundo unaokifaa.

Fungu la tatu ni la matumizi ya kila siku, lile ambalo matangazo hayaligusi. Dirisha likuzike kwenye skrini kubwa. Utafutaji wa sauti uwe wa haraka. Mtu aweze kupanga mwenyewe kitufe kipi kipige ngoma ipi. Programu isife kompyuta inapobadilika. Apple ilipohamia chipu zake za M1 mwishoni mwa 2020, wengi walikuta vyombo vyao vya zamani vikichechemea kwa kupitia kifaa cha kutafsiri, wakingoja waliovitengeneza waviandike upya.

Mafungu yote matatu yana haki, ila yana dhana moja chini yake: kwamba kilele cha ngoma ya kompyuta ni kufanana na mzungu aliyeketi nyuma ya drams katika chumba kizuri. Mwanamuziki wa roki mwenye dhana hiyo hana kosa. Ukiihamishia Johannesburg, nusu ya orodha inapoteza maana.

Walichokifanya Johannesburg

Amapiano, muziki wa dansi wa Afrika Kusini, ilichipuka katika vitongoji vya Gauteng, jimbo la Johannesburg na Pretoria, katikati ya muongo wa 2010. Kuhusu kitongoji kilichoanza, ubishi hauishi. Soweto, Alexandra, Katlehong, Vosloorus na vitongoji vya Pretoria vyote vina wanaodai. Kundi la MFR Souls la Katlehong hutajwa kuwa ndilo lililoupa muziki huo jina. Ulirithi mwendo wa polepole wa kwaito, vinanda vya jazi na ngoma kavu za bakadi ya Pretoria, kisha ukatulia kwenye mapigo kama 110 hadi 115 kwa dakika.

Ngoma ya gogo, ambayo vijana huiita logi dramu, iliingia baadaye kidogo, na jina linalotajwa zaidi katika kuivumbua ni la prodyuza MDU aka TRP. Kufikia 2019, maprodyuza Kabza De Small na DJ Maphorisa walipotoa albamu ya Scorpion Kings, mlio huo ulikuwa unaelekea kuwa saini ya amapiano yote. Mwaka 2021 Diamond Platnumz aliuleta hadi kwenye redio za Dar es Salaam kwa wimbo Iyo, alioufanya na Focalistic, Mapara A Jazz na Ntosh Gazi wa Afrika Kusini. Februari 2024 Tyla, binti wa Johannesburg, alitwaa tuzo ya kwanza ya Grammy ya wimbo bora wa Kiafrika kwa wimbo Water, ambao umechota amapiano waziwazi.

Kwa nini mlio huo, miongoni mwa maelfu yaliyomo kwenye kompyuta? Jibu limo katika ufundi wake. Fruity DX10 hutumia njia ya kutikisa wimbi moja la sauti kwa wimbi jingine. Njia hiyo aliigundua John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, na Yamaha ikaipa umaarufu kwa kinanda cha DX7 mwaka 1983. Ukirekodi gogo la kweli kisha ukashusha rekodi hiyo oktavu mbili, kompyuta huicheza kwa robo ya kasi yake. Kishindo cha mwanzo kinalegea, na kilichokuwa pigo kinakuwa mkoromo. Hesabu haina ugonjwa huo. Iteremshe utakavyo, kishindo kinabaki kikali na mkia unageuka kuwa besi nene ya duara. Maprodyuza wakaukwaruza mlio huo kidogo, wakaupasua, wakauteleza kutoka noti moja hadi nyingine, mpaka wakapata kitu kimoja kinachofanya kazi za wawili: kinapiga kama ngoma na kuimba kama besi.

Hapo dhana ya zamani inavunjika. Programu nyingi za drams zimejengwa kwa imani kwamba ngoma haina noti: kiki ni kiki, iwe wimbo uko katika ufunguo gani. Katika amapiano ngoma ndiyo inayobeba kiitikio. Dansa hangoji mwimbaji, hungoja gogo liingie. Watu wa mwambao hawatashangaa. Katika kundi la ngoma za Waswahili, msondo, chapuo na vumi hazigawani kelele tu, zinagawana sauti, moja ya chini na moja ya juu, na mpigaji mzuri huzisemesha. Walichofanya vijana wa Gauteng ni kukirudisha kwenye kompyuta kitu ambacho ngoma za bara hili hazikuwahi kukipoteza.

Maombi yanayozaliwa humo

Tukianzia kwenye kazi hiyo badala ya chumba cha roki, orodha ya toleo lijalo inakuwa nyingine. Ombi la kwanza ni noti na mtelezo kwa kila pigo. FL Studio ina noti za kutelezesha zinazoivuta sauti kutoka juu hadi chini, lakini zinafanya kazi kwa vyombo vya ndani ya programu hiyo pekee. Ukileta ngoma ya kampuni nyingine, mtelezo haupo, na unabaki kuchora mistari ya kupinda sauti kwa mkono. Tatizo lina mizizi katika MIDI, lugha ambayo vyombo vya kielektroniki huzungumza tangu 1983. Katika MIDI ya asili, gurudumu la kupinda sauti huvuta noti zote za chaneli kwa pamoja, kama mtu anayevuta mkeka ili asogeze kikombe kimoja. Dawa imeshapatikana. Utaratibu wa MPE, wa kupinda noti mojamoja, ulipitishwa 2018, na MIDI 2.0 iliyotangazwa Januari 2020 inaruhusu kila noti ipindwe peke yake. Hiyo MIDI 2.0 inapanua pia ngazi za nguvu ya pigo kutoka 128 hadi zaidi ya 65,000. Kinachosubiriwa ni watengenezaji wa programu za ngoma kuacha kudhani kwamba hayo ni mahitaji ya wapiga kinanda tu.

Ombi la pili ni mwendo usiofungwa kwenye hatua 16. Safu ya vitufe 16 inafaa kwaito na hausi, kwa kuwa mapigo yao hugawanyika kwa nne. Chakacha ya Mombasa na Lamu inatembea kwa sita, na ngoma nyingi za bara zinacheza tatu juu ya mbili kwa wakati mmoja. Programu nyingi zinaweza kubadilishwa zikubali hesabu hizo, ila ni lazima mtu aitafute njia kwenye menyu. Kinachofunguka chenyewe unapoanza kazi ndicho kinachofundisha. Kijana anayekutana na vitufe 16 kila asubuhi atafikiri kwa 16. Toleo lijalo limwulize mwanzoni kabisa: mdundo wako unahesabiwaje?

La tatu ni kasi. Studio ya Sisso huko Mburahati, Dar es Salaam, ilijulikana duniani baada ya lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala kutoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017. Singeli yao hukimbia mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Kwa kasi hiyo, toazi lililorekodiwa kwa uangalifu likalia sekunde nne linakuwa adui, kwani pigo linalofuata linalikuta bado linalia, na la tatu vilevile, mpaka wimbo unakuwa ukungu. Programu inayojali singeli ingekuwa na kitufe kimoja cha kukata mikia ya milio yote kulingana na kasi ya wimbo. Ni kazi ndogo kwa mwandishi wa programu, na ukombozi kwa mtumiaji.

Bando, umeme na leseni

Gigabaiti 230 ni nyingi kiasi gani? Desemba 2019, baada ya miaka ya wananchi kulalamikia bei za data, Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilitoa ripoti yake kuhusu soko hilo. Aprili 2020 Vodacom ikashusha bando la gigabaiti moja la mwezi kutoka randi 149 hadi 99. Kwa bei hiyo iliyoshushwa, kuipakua maktaba nzima ya Superior Drummer 3 kungegharimu randi 22,770. Bila shaka hakuna mwenye akili atakayeipakua kwa mabando ya gigabaiti mojamoja. Kuna mabando makubwa, kuna faiba, kuna rafiki mwenye Wi-Fi ya ofisini. Hata hivyo hesabu hiyo inaonyesha wanaotengeneza vitu hivi walikuwa wanamwaza nani. Ngoma ya gogo, kwa upande wake, haihitaji rekodi hata moja. Ukiwa na programu, unayo tayari.

Umeme nao una kauli yake. Mgao wa Eskom, shirika la umeme la Afrika Kusini, ulianza kusumbua mwishoni mwa muongo wa 2000, na 2023 ukawa mwaka mbaya kuliko yote iliyotangulia, kabla ya hali kupata nafuu kubwa kuanzia Machi 2024. Sasa uweke mgao huo pamoja na masharti ya leseni. FL Studio humruhusu mwenye nakala ya majaribio kuhifadhi kazi yake, ila haimruhusu kuifungua tena mpaka alipie. Kwake, biti lazima iishe kabla kompyuta haijazimwa. Umeme ukikatika saa mbili usiku na betri ikiwa imechoka, wimbo umekwenda. Pengine ndiyo maana uhifadhi wa haraka na mzigo mwepesi kwa kompyuta, mambo yanayoandikwa mwishoni mwa orodha za Ulaya, yangestahili kuandikwa mwanzoni mwa orodha ya Gauteng au Goma.

Upo upande wa pili wa leseni ambao ni lazima usifiwe. Image-Line ina utaratibu kwamba anayenunua FL Studio mara moja hupata matoleo yote yajayo bila kulipa tena. Kwa mtu ambaye sarafu yake hupanda na kushuka mbele ya dola, ahadi hiyo ina thamani kuliko seti kumi mpya za drams. Inaleta pia aina nyingine ya uaminifu: mtumiaji hangoji toleo lijalo kwa hofu ya mfuko, hulingoja kama mgeni. Kinyume chake ni programu zinazodai kulipiwa kila mwezi, au kuthibitishwa mtandaoni kila baada ya siku kadhaa. Palipo na intaneti ya kubahatisha, programu ya namna hiyo inaweza kukataa kufunguka siku ileile msanii amefika studio.

Malipo yenyewe ni kizingiti kingine. Prodyuza wa Johannesburg hutegemea kadi ya benki, kwani M-Pesa ilijaribiwa Afrika Kusini kuanzia 2010 ikafungwa 2016. Mwenzake wa Nairobi, Arusha au Bukavu ana pesa yake kwenye simu, na maduka mengi ya programu hayaitambui. Kisha tunashangaa nakala za wizi zinatoka wapi. Sehemu yake inatoka kwa wasiotaka kulipa, na hao wapo kila nchi. Sehemu nyingine inatoka kwa waliotaka kulipa wakakuta mlango umefungwa.

Ramani isiyo na ngoma

Mwaka 1991 ulipopitishwa utaratibu wa General MIDI, kampuni zilikubaliana kitufe gani kipige ngoma gani, ili wimbo uliotengenezwa kwenye kinanda kimoja usikike sawa kwenye kingine. Milio 47 ilipewa nafasi, kuanzia noti ya 35 hadi ya 81. Ukiisoma orodha hiyo utakuta kiki, sneya na hai-hati. Utakuta bongo, konga na timbale za Kuba, cuíca ya Brazili, na agogo, kengele ambayo jina lake limetoka kwa Wayoruba. Afrika iliingia, ila kwa kupitia Havana na Rio, kama jamaa anayekaribishwa kwa sababu ya shemeji yake. Hakuna djembe. Hakuna isigubhu ya Wazulu, hakuna murumba ya Wavenda, hakuna kitu kiitwacho ngoma.

Athari yake ni ya kila siku. Kinanda cha bei nafuu kinachouzwa katikati ya Johannesburg au Kariakoo kimejengwa juu ya ramani hiyo. Anayetaka murumba lazima aitafute kwingine, aiweke juu ya kitufe cha mwingine, na kila akihamia programu nyingine aanze upya. Toleo lijalo la programu yoyote ya ngoma lingeweza kuruhusu watumiaji kuchora ramani zao, kuzipa majina yao na kupeana. Likiwemo hilo, hatutahitaji kungoja kamati ya kimataifa iamue kama chapuo inastahili namba.

Wapo wanaosema dawa ni kampuni kurekodi seti za Kiafrika. Native Instruments ilifanya hivyo kwa ngoma za Afrika Magharibi, na ikafanya vizuri. Lakini Afrika Mashariki na Kusini bado ni nyembamba katika maktaba hizi, na hata zikija, linabaki swali ambalo Johannesburg inalijua kwa uchungu.

Nani analipwa

Mwaka 1939, katika studio ya Eric Gallo mjini Johannesburg, Solomon Linda na kundi lake la Evening Birds walirekodi Mbube. Wimbo huo ulizunguka dunia, ukabadilishwa jina na maneno, ukaingia kwenye filamu za Disney. Linda alikuwa ameziachia haki zake kwa shilingi kumi, na alifariki 1962 akiwa fukara. Ni 2006 tu ndipo warithi wake walipofikia makubaliano ya kulipwa.

Miaka kumi na mitano baada ya rekodi ile, mwaka 1954, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika huko Roodepoort, magharibi mwa Johannesburg. Alizunguka na mitambo yake Tanganyika, Uganda, Kenya, Kongo na kwingineko, akanasa ngoma ambazo nyingine hazipigwi tena. Hazina hiyo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Makhanda. Ni mali kubwa kwa atakayetaka kuunda ngoma za kompyuta za Kiafrika, na ni mtihani mkubwa vilevile. Mjukuu wa mpigaji aliyenaswa mwaka 1950 katika kijiji cha Uganda atapata nini pigo la babu yake likiuzwa ndani ya programu kwa dola 99?

Kwa kawaida mpigaji anayerekodiwa kwa ajili ya programu ya ngoma hulipwa siku zake za studio, na basi. Mlio wake huuzwa miaka ishirini bila yeye kuonja tena. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Huyu anacheza kwao na anatunzwa asiyekuwepo. Ombi ambalo halimo katika orodha nyingi, nami naliweka juu kabisa, ni hili: kila seti ya ngoma iandikwe jina la mpigaji, la mtengenezaji wa ngoma na la mahali ilipopigwa, na sehemu ya mauzo irudi kwao. Kama programu inaweza kutuambia ni maikrofoni ya kampuni gani iliyowekwa sentimita ngapi kutoka kwenye ngozi, inaweza kutuambia ngozi hiyo iliwambwa na nani.

Mbadala hauko mbali. Yeoville, mtaa wa Johannesburg uliojaa Wakongo, una watu waliokua wakiisikia lokole, gogo la kweli lililochimbwa tumbo, lililotumiwa kupeleka ujumbe kijiji hadi kijiji, na ambalo mwimbaji wa Kongo Papa Wemba alilipa heshima alipoliita kundi lake Isifi Lokole mwaka 1974. Kutoka mtaa huo hadi Soweto ni safari ya teksi. Gogo la hesabu na gogo la mti yanaishi mji mmoja, na sioni sababu ya mradi wa kuyakutanisha kungoja kampuni ya Uswidi.

Pingamizi moja la haki

Msomaji makini anaweza kuniuliza: kama Johannesburg ilifanya maajabu kwa sauti moja sahili, kwa nini tuombe chochote? Je, tukipewa gogo kamilifu, lenye mtelezo tayari na mkwaruzo tayari, hatutaua ubunifu uleule tunaousifu? Tayari milio ya gogo iliyokwisha pikwa inauzwa kwa pakiti, na nyimbo nyingi za mwaka huu zinafanana kama pacha. Akili mnemba nayo inaahidi kupiga ngoma yote kwa maelezo ya sentensi moja.

Pingamizi hilo lina uzito, nalo ndilo linalotenganisha maombi mema na mabaya. Kuomba vilivyokamilika ni kuomba kulishwa, na atakayelishwa atafanana na walioketi naye kwenye sahani moja. Kuomba uwezo wa kupinda ni kuomba jiko. Noti kwa kila pigo, hesabu isiyofungwa, ramani ya kujichorea, wepesi wa kompyuta, leseni isiyomtesa asiye na mtandao: hakuna hata moja kati ya hizo inayomtungia mtu wimbo. Zote zinamwondolea mawe njiani. Wala tusiusifu ufukara kana kwamba ndio uliotunga amapiano. Umeme uliokatika haukutunga kitu. Waliotunga ni watu, licha ya umeme kukatika.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Toleo lijalo la ngoma za kompyuta likija na gigabaiti mia tano litakuwa limewasikiliza wenye sauti kubwa. Likija jepesi, linalopindika, linalolipika kwa simu na linalomtaja mpigaji, litakuwa limesikiliza mahali ambapo muziki unatoka. Nanyi maprodyuza wa Dar, Nairobi, Kampala na Goma mnaopiga amapiano kila wiki, kampuni hizi hupokea maombi ya watumiaji, na ombi likiandikwa na wengi hupewa uzito. Andikeni. Tajeni ngoma ya kwenu kwa jina lake, elezeni inahesabiwaje, na mtajeni mzee anayejua kuipiga.